Nilivyoifuata Bastola ya Mkono wa Kushoto

Mateso yangu yalianza mwaka wa 1965, nikiwa na miaka saba, siku mwalimu aliponifunga mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kwa kamba ya mgomba ili nijifunze kuandika kwa wa kuume kama watu. Kwetu ni kwenye vilima vya juu ya Ziwa Kivu, na huko nyumbani hakukuwa na wa kunitetea. Mama mwenyewe, nikinyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani, alinipiga vidoleni kwa mwiko wa bugali, ule ambao umetoka tu kwenye chungu. Nilitoka shuleni darasa la tatu, najua kusoma polepole na kuandika vibaya. Yaliyobaki nilijifundisha: cherehani, chuma, Kifaransa, Bruxelles. Sioni haya.

Naandika kwa sababu tangu nirudi siwezi kununua hata sombe, majani ya muhogo, kwenye barabara ya Chaussée de Wavre bila muntu kunishika koti na kuniuliza kama kweli nilikwenda mpaka Ujerumani kufuata kibunduki cha upepo. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama na mfuko mkononi. Bon, kaeni, msome.

Kwanza mjue kitu chenyewe, maana wengine mnacheka bila kujua mnachokicheka. Hizi ni bastola za kulenga shabaha, za zamani, zilitengenezwa wakati mimi ni kijana. Hazina baruti. Ndani kuna springi. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, na upepo unatoa karisasi kadogo kuliko punje ya hindi kanakokwenda kutoboa karatasi mita kumi mbele. Bastola ya springi ya kawaida inaruka mkononi kama kuku aliyeshikwa miguu. Hizi zangu haziruki. Wale mafundi waliweka pistoni mbili: moja inakwenda mbele, ya pili inarudi nyuma, wakati uleule, kwa nguvu ileile. Mimi na Maman Riziki, mke wangu, tukisukuma mlango mmoja kila mtu upande wake, mlango hautikisiki. Ndivyo ilivyo. Unasikia tu "tak", na mkono umetulia kama umelala kwenye mto. Ya kwanza niliipata dukani kwangu ninakotengeneza cherehani, mteja aliileta pamoja na cherehani mbovu. Nilipoifyatua nilicheka peke yangu mpaka yule mteja akatoka nje kunisubiri.

Kasoro ni moja. Mpini wake wa mti umechongwa kufuata kiganja cha kuume, na pahali pa kupumzisha kidole gumba. Mimi nalenga kwa kushoto. Hapo kamba ya mwalimu haikufika. Kushika mpini wa kuume kwa mkono wa kushoto ni kuvaa kiatu cha mguu mwingine. Kwa hiyo mipini yangu yote niliichonga mwenyewe kwa kisu na tupa, na ni mizuri, asiyeamini aje aione. Lakini kabla sijafa nilitaka kushika moja iliyozaliwa ya kushoto. Zilitengenezwa chache sana. Nilitafuta miaka mingi sikuipata.

Halafu Jozef, mwenzangu wa klabu ya shabaha kule Ganshoren, dereva wa tram aliyestaafu, akaona tangazo la Kijerumani. Mama mjane anauza bastola ya marehemu mume wake, na chini ameandika: kwa mpigaji wa mkono wa kushoto tu. Jozef anajua Kijerumani, akampigia simu. Yule mama akamwambia wachuuzi wamekwisha kuja, kila mmoja aliapa ni wa kushoto, kila mmoja alikuwa muongo. Anayeitaka aje mwenyewe, atamtazama.

Donc, basi, nikatazamwe. Mambo ya karatasi na tiketi nayaruka. Yalikamilika.

Etterbeek mpaka kwenye treni

Tuliondoka nyumbani Etterbeek, hapo Bruxelles, asubuhi, mimi na sanduku la plastiki jeusi, tupu, la kubebea bastola, na Maman Riziki na mifuko yake. Nilimuuliza mifuko ya nini, safari ni ya kulala siku moja. Akasema huko tunakokwenda hatujui watu wanakula nini. Alikuwa na sambaza wa kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, na pilipili pembeni, na chikwangue, mkate wa muhogo, na kitenge kipya cha kumpa yule mama, chenye ndege wa rangi ya chungwa. Nilisema ndege ni wakubwa mno kwa mama wa Kijerumani. Akaniuliza nimewajua wangapi.

Mpaka Liège nilikaa dirishani nafunga na kufungua kiganja cha kushoto, nakiandaa. Maman Riziki alisema nafanana na muntu anayekamua ng'ombe.

Kupita mpaka, na treni kusimama shambani

Tulipokwisha ingia Ujerumani treni ilisimama katikati ya mashamba ya viazi. Mti ulikuwa umeanguka kwenye waya mbele yetu. Tukangoja. Jua likaingia ndani, watu wakavua makoti.

Mbele yetu alikaa bibi mwenye kambwa kadogo keupe. Kwa ajili ya kupoteza wakati akaniuliza kwa Kifaransa nina nini ndani ya sanduku, kinanda? Mimi sina tabia ya kuficha. Nikamwambia hakuna kitu, ninakwenda kuchukua bastola.

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, na mnaijua sauti yangu ya kawaida. Behewa zima likageuka. Bwana mmoja wa tai akatoa vile vya masikioni. Nikaona ni vizuri kueleza, nikaongeza kwamba si ya kuua, ni ya zamani, hairuki. Hiyo haikusaidia.

"Baba Riziki," mke wangu akaniambia polepole, "leo tutalala ndani ya gereza yulu ya kinywa yako."

Mkaguzi wa tiketi akafika, mtu alikuwa amekwenda kumwita. Kijana mrefu, mpole, akaniomba nifungue. Nikafungua kwa furaha, nikijua ni tupu. Lakini ndani ya sanduku kuna sponji, na sponji imekatwa umbo la bastola, mdomo, mpini, kila kitu. Jamani, sanduku lenye shimo la bastola linatisha kuliko bastola. Kila mtu alitazama lile shimo, kisha akatazama mifuko ya koti langu.

Maman Riziki ndiye aliyetuokoa. Alifungua sambaza. Harufu ikatembea kama inajua kila mtu kwa jina. Akachukua wawili, akawaweka kwenye karatasi na pilipili kidogo, akampa yule mkaguzi kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko, kama alivyofunzwa kumpa muntu unayemheshimu. Kijana alitazama samaki mwenye macho yake yote mawili, akaona haya kukataa, akala. Akauliza kama kuna wengine. Wakati huo mimi nimetoa simu namwonyesha picha zangu za klabu na karatasi zangu zilizotobolewa, naye akasema babu yake alikuwa na bastola ya namna hiyo juu ya kabati, na utotoni walikatazwa hata kuitaja.

Baada ya hapo ilikuwa sherehe. Kale kambwa kalikula vichwa. Bibi alitoa biskuti. Bwana wa tai alikuja wa mwisho, akijifanya ananyoosha miguu, na ndiye aliyekula pilipili nyingi kuliko wote. Alilia machozi akiomba nyingine. Treni ilipoanza kutembea watu walisikitika, na Maman Riziki alikuwa amekwisha mwelekeza mtu duka la Chaussée de Wavre wanakouza sambaza.

Basi la vilimani

Kwa sababu ya ule mti basi letu la kwenda kijijini lilikuwa limeondoka. Tukangoja lingine mbele ya gare ndogo ya treni, tukala soseji na viazi baridi vilivyokorogwa na siki. Maman Riziki alivitafuna kwa heshima, kisha akauliza chakula chenyewe kinaletwa saa ngapi.

Dereva wa basi hakuzungumza lugha yetu yoyote. Nilimwonyesha karatasi ya Jozef yenye jina la barabara. Akaiangalia, akaangalia sanduku langu, akacheka, akanipiga begani kama tunajuana. Alitushusha mbele ya nyumba ndefu iliyofungwa, yenye picha ya shabaha mlangoni. Alidhani anatusaidia. Klabu yao ilikuwa chini kabisa ya kijiji, na yule mama anakaa juu kabisa. Tulipanda kile kilima kwa miguu, mimi na miaka yangu, na nawaambia nilikuwa natembea kama bwana harusi. Mke wangu alinifuata akilaumu viatu, basi, Jozef, na pistoni zote mbili.

Meza ya Maman Hilde

Yule mjane, Maman Hilde, alitufungulia mwenyewe. Mrefu, mifupa mikubwa, nywele nyeupe kazisuka msuko mmoja. Kifaransa alijifunza ujanani akiwauzia mikate askari wa Kibelgiji waliokuwa na kambi karibu. Alinyoosha mkono kunisalimu, nikaupokea kwa wa kuume, wa kushoto kwenye kiwiko, kichwa chini kidogo. Muntu mzima, mjane, nyumbani kwake: ningemsalimuje tena? Kitenge nikampa vilevile. Ndege aliwapenda sana, akawabandika kifuani pale pale, na Maman Riziki akaniangalia kwa jicho ambalo nitalikumbuka.

Meza ilikuwa tayari. Keki ya matofaa, kahawa. Niliona kikombe changu kimewekwa vibaya, mkono wake umeelekea kushoto, na uma uko upande uleule. Nikasema moyoni, mama wa watu, macho yamechoka. Kwa adabu nikakigeuza kikombe, nikahamisha uma, nikala kwa wa kuume. Kila alichonipa nilikipokea kwa wa kuume. Sukari, maziwa, kipande cha pili. Mkono wa kushoto niliulaza mapajani, chini ya kitambaa cha meza, umetulia kama mtoto kanisani.

Kadiri nilivyokula ndivyo alivyozidi kunyamaza. Mwishoni akaweka uma chini.

"Monsieur," akasema, "wewe ni mtu mzuri, na kitambaa hiki nitakivaa. Lakini bastola sitakuuzia. Mume wangu hakuweza hata kukoroga sukari kwa mkono wa kuume. Kunyweni kahawa, basi la kurudi bado lipo."

Nilibaki na keki mdomoni. Safari yote ile, miaka yote ile ya kutafuta, na kile kitu kiko ndani ya nyumba hii, labda chini ya miguu yangu, nami nafukuzwa na kahawa nzuri. Nikamwambia yeye amekosea. Akasema hajakosea, tangu mlangoni alikuwa anatazama mikono yangu, na meza aliipanga hivyo makusudi.

Hapo Maman Riziki akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, vikombe vikalia.

"Miaka yote ninakuchunga usinitie haya na ile mukono," akaniambia. "Leo njo siku yake, na wewe unaificha chini ya meza. Hata mimi ningekukatalia, Baba Riziki."

Nilijaribu kueleza. Nikamwambia Maman Hilde kwamba kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana, kupokea kwa kushoto ni vilevile, na kula nao mbele ya mtu mzima ni kusema hukulelewa. Nikamwambia habari za kamba ya mgomba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wale wengine pia kila mmoja alikuja na hadithi, na ya mmoja ilikuwa ndefu kuliko yangu. Lakini akasimama, akachukua funguo.

Chini ya nyumba

Chini ya nyumba marehemu alikuwa amejitengenezea pahali pa kupigia. Taa mbili, kisanduku cha chuma ukutani kwa ajili ya karatasi, meza ndogo, mstari wa rangi sakafuni uliofutika katikati kwa kukanyagwa. Maman Hilde alifungua kabati akaitoa.

Mti wa mpini umekuwa mweusi kwa jasho la mkono mmoja. Alininyooshea. Nami, mbele ya macho yake, baada ya maneno yote yale, niliipokea kwa wa kuume. Mkono ulitangulia wenyewe, sikuutuma. Maman Hilde alipumua kwa pua. Mke wangu alifunika uso.

Ndipo nikaihamishia kushoto.

Sina maneno mengi ya jambo hilo. Kidole gumba kilikuta pahali pake. Kiganja kilikuta mlima pale penye bonde na bonde pale penye mlima. Maman Riziki anasema uso wangu ulikuwa wa muntu anayevua kiatu kinachobana.

Nikalikunja bomba lake kuvuta springi, nikasikiliza. Mipira ya pistoni ilikuwa mizima, haikulia wala haikukwama. Nikaweka risasi, nikasimama ubavu, miguu kwenye ule mstari. Ya kwanza ilikwenda pembeni kabisa ya karatasi, kwa sababu nilikuwa nacheka kwa furaha kama mjinga. Nikashusha, nikapumua, nikainua tena. Tak. Dix, kumi kamili. Katikati, duara jeusi limetoboka. Nikapiga nyingine, dix ikakatwa ukingoni, lakini dix ni dix. Bastola haikutikisika hata kidogo, ni kama mtu mwingine amepiga na mimi nimesimama tu namshikia.

Niligeuka kumwonyesha. Hakuwa anatazama karatasi. Nilikasirika kidogo, naomba mnielewe, muntu anapiga dix na mwenye nyumba anamtazama suruali. Alikuwa anatazama upande wangu wa kuume. Nikatazama nami. Mkono wangu wa kuume ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali, mpaka kwenye kifundo. Unakwendaga huko kila mara, ili mwili usiyumbe. Sijawahi kuuambia.

"Wale wengine waliishika kwa kushoto," Maman Hilde akasema. "Mmoja alipiga vizuri kuliko wewe. Lakini mkono wao mwingine haukujua pa kukaa. Ulining'inia, ukashika meza, ukajikuna. Wa mume wangu ulikuwa unakwenda mfukoni, na ule mfuko nimeushona mimi miaka arobaini."

Nilipomtafsiria Maman Riziki yale ambayo hakuyashika, alinijia pale kwenye mstari, akatia mkono wake ndani ya mfuko wangu wa kuume, akauvuta nje wote, mbele ya mwenyeji, na mimi nimeshika bastola. Akamwonyesha chini ya mfuko. Kulikuwa na uzi mweusi, juu yake uzi mweupe, juu yake uzi wa bluu.

"Na mimi," akasema kwa Kifaransa chake.

Wakauinamia ule mfuko wote wawili. Maman Hilde alipitisha kidole kwenye mishono, akauliza kuhusu ule wa bluu. Waliongea habari za nyuzi na za wanaume wanaotoboa mifuko, mimi nimesimama katikati kama mlingoti, na nilipotaka kusogea waliniambia ningoje.

Mlangoni

Tulilala kwake, alikataa habari ya hoteli. Asubuhi kikombe changu kilikuwa kimeelekea kushoto tena. Bei haiwahusu.

Wakati wa kuagana aliiweka bastola katika sanduku langu, ikakaa katika lile shimo la sponji, akafunga. Akalinyanyua kwa mkono wake wa kushoto, akaninyooshea. Akasema katika nyumba hiyo kitu cha mume wake kilitolewa na kupokelewa hivyo, na yeye hatakitoa kwa njia nyingine.

Nawaambia, kile kilima chote cha jana kilikuwa chepesi. Nilisikia mwiko wa mama. Nina miaka sitini na saba, nimezika wazazi, nimejenga, nimesomesha, na sijawahi kupokea kitu kwa mtu mzima kwa mkono ule.

"Baba Riziki," mke wangu akasema nyuma yangu, "pokea. Maman anachoka."

Nikapokea kwa kushoto. Wa kuume ulitaka kuja kusaidia. Nikautia mfukoni.

Treni ya kurudi ilikwenda moja kwa moja, hakuna cha kusimulia. Aliyeniuliza nina nini ndani ya sanduku, Maman Riziki alijibu kabla yangu kwamba ni kinanda.

Bon. Leo nina nyumba ya matofali Bukavu, yenye bati jipya. Nina duka la cherehani karibu na Chaussée de Wavre, na jina langu liko juu ya mlango. Nina mke mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa, na mmoja wao anakula kwa kushoto na hakuna anayemgusa. Nina bastola saba za upepo zisizoruka: sita zenye mipini niliyoichonga, na moja ambayo tupa yangu haijaigusa. Nina suruali moja ya klabu, ya kijivu, na mfuko wake wa kuume umeshonwa jana kwa uzi wa rangi ya chungwa.